Bomba Lipitalo Njiani: Kulisoma Upya Shairi la Maji na Umaskini

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anapokabidhiwa shairi linalotaja mtungi, foleni na kiu, jibu lake la kwanza hujulikana hata kabla hajafungua kinywa: maudhui ni uhaba wa maji na umaskini. Jibu hilo si kosa. Tatizo lake limo katika kiunganishi 'na'. Neno hilo dogo huyaweka mambo mawili pamoja kana kwamba yamekutana njiani kwa bahati, lisiseme ni lipi lililolizaa jingine, wala ni nani aliyesimama katikati yake. Baada ya hapo mwanafunzi huhesabu mizani, huutaja mpangilio wa vina, huongeza kwamba fasihi ni kioo cha jamii, kisha hulifunga daftari lake.

Makala haya yanashikilia kwamba uchambuzi wa namna hiyo hauitendei haki sanaa ya ushairi wala hauwatendei haki watu wanaosemwa na shairi. Shairi la maji likisomwa kwa makini huuliza swali mahususi: je, maji hayapo, au yapo ila hayamfikii fulani? Msomaji asiyelitambua swali hilo ndani ya maneno ya mshairi huishia kuilaumu mbingu kwa makosa yaliyotendwa ardhini.

Ili hoja hii isielee hewani, shairi lifuatalo limetungwa mahususi kwa ajili ya mjadala huu.

Bomba Njiani

1. Jogoo hajaamsha, foleni i kibandani,
Mitungi twaipangisha, wangu ni wa ishirini,
Muuzaji akumbusha, bei imo kibaoni,
Bomba lapita njiani, kiu i mwetu nyumbani.

2. Sarafu nazihesabu, za unga na za sabuni,
Nichague lenye tabu, kipi kiende majini,
Mwana adai kitabu, nimjibu kitu gani?
Bomba lapita njiani, kiu i mwetu nyumbani.

3. Wanenao wamenena, maji yazidi chunguni,
Mimi hilo sijaona, unga wangoja mekoni,
Mwana amelala jana, na vumbi lake mwilini,
Bomba lapita njiani, kiu i mwetu nyumbani.

4. Mwaniambia niombe, mvua ishuke mbinguni,
Ilinyesha kila pembe, ikapita mitaroni,
Sidai shamba na ng'ombe, nadai tone bombani,
Bomba lapita njiani, kiu i mwetu nyumbani.

5. Nauliza si kwa shari, wenye funguo ni nani?
Maua kwa matajiri, yanyweshwa kila jioni,
Nami mwenye kusubiri, ningali wa ishirini,
Bomba lapita njiani, kiu i mwetu nyumbani.

Umbo lina la kusema

Kwa upande wa umbo, shairi hili ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne. Ni mathnawi kwa kuwa kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani minane. Ni ukara kwa sababu vina vya utao vinatiririka kwa '-ni' tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali vya ukwapi vinabadilika kutoka ubeti mmoja hadi mwingine: '-sha', '-bu', '-na', '-mbe' na '-ri'. Lina kibwagizo kinachorudiwa pasi na mabadiliko.

Wengi huikomea hapo. Walakini, hesabu hii ni mlango tu, na aliyefika mlangoni hajaingia nyumbani. Swali linalofaa kuulizwa ni: umbo hili linafanya kazi gani?

Tuanze na kibwagizo. Kipande cha kwanza kina bomba, cha pili kina kiu. Kati yake pana kituo, ile pumzi fupi anayoivuta msomaji kabla ya kuendelea. Bomba haliwahi kukivuka kituo hicho. Mara tano msomaji analisikia likipita upande wa kushoto wa mshororo, na mara tano anaikuta kiu ikikaa upande wa kulia. Kituo, ambacho katika mashairi mengi ni mapumziko ya sauti tu, hapa kimekuwa ukuta wa nyumba. Mwanafunzi akiambiwa asome mshororo huo kwa sauti, atausikia ukuta huo kabla hajaueleza.

Vivyo hivyo kwa vina. Ukwapi unabadilika jinsi siku za maskini zinavyobadilika: leo ni foleni, kesho ni sarafu, keshokutwa ni mvua. Utao haubadiliki. Kila jambo jipya linaangukia pale pale kwenye '-ni': kibandani, majini, mekoni, mitaroni. Takriban maneno yote hayo ni ya mahali. Kina hicho kinamfunga nafsineni katika mahali pake, na mahali penyewe ndipo palipokosa maji.

Hapa unazuka mjadala wa zamani. Katika miaka ya 1970, wakati wa mgogoro wa ushairi baina ya wanaarudhi na wanamabadiliko, walikuwapo walioamini kwamba vina na mizani ni pingu zisizoweza kubeba machungu ya kisasa. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ilionyesha kwamba ushairi wa Kiswahili unaweza kusimama bila pingu hizo. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani kwa kuzingatia arudhi, na hapana awezaye kudai kwamba arudhi iliyapunguza makali yake. Fundisho ni kwamba umbo halina siasa yake lenyewe. Hupewa siasa na kazi inayotwikwa. Tarbia ikimbeba mtu aliyezungushiwa mahali pamoja kila siku, basi marudio yake si ukale bali ndiyo maana yenyewe.

Maneno yanayogeuka

Ubeti wa pili una fungu la maneno linalostahili kusomwa mara mbili: "kipi kiende majini". Maana ya kwanza ni ya matumizi: ni sarafu zipi zitolewe kununulia maji, za unga au za sabuni? Maana ya pili ni ya hasara: ni kitu gani kizame na kupotea? Nafsineni anaponunua maji, kuna kingine kinachozama. Katika mshororo ufuatao kinajulikana, nacho ni kitabu cha mwana. Shairi halikusema popote kwamba 'umaskini huathiri elimu'. Limeweka sarafu chache mkononi mwa mzazi na kumwacha msomaji afanye hesabu.

Hapa ndipo kile kiunganishi 'na' kinapovunjika. Katika ubeti huu umaskini na ukosefu wa maji si majirani. Mtu hana maji kwa kuwa hana fedha, na fedha zinazidi kumpungukia kwa kuwa ananunua maji kwa mtungi. Kila kimoja kinakilisha kingine.

Ubeti wa tatu unafanya jambo la kijasiri zaidi: unaichukua nahau ya Kiswahili na kuikana. Msemaji wa lugha hii akisema maji yamezidi unga, anamaanisha kwamba mambo yameharibika, yamemshinda mtu. Nahau hiyo inachukulia kwamba maji ni kitu cha kuzidi, na kwamba hatari iko katika wingi wake. Nafsineni anajibu kuwa hajaliona hilo. Kwake ni unga unaoyangoja maji mekoni. Hazina ya methali za Kiswahili imejaa maji: maji yakimwagika hayazoleki, maji hufuata mkondo, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nyingi kati ya methali hizo zinayachukulia maji kuwa kitu kilichopo tayari, kikimsubiri mtu avue nguo. Mtu anayenunua maji kwa mtungi anaishi ndani ya lugha ambayo imemzidi utajiri. Hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa fasihi wangeweza kulichunguza pamoja kwa faida.

Vilevile kuna suala la nafsineni. Wachambuzi wengi watakimbilia kusema kwamba ni mama. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Kenya kazi ya kuteka na kubeba maji huwaangukia wanawake na wasichana. Ni kweli pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20 mgongoni au kichwani, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Lakini shairi halikutaja jinsia. Lina mwana, lina meko, basi. Mchambuzi makini atasema kwamba muktadha unaelekeza kwa mama, kisha aonyeshe ushahidi wake na mipaka ya ushahidi huo. Atakayesema 'ni mama' bila kuonyesha lolote atakuwa ameamua kwa niaba ya mshairi kwamba meko ni ya wanawake.

Mbingu au bomba?

Kiini cha shairi kimo katika ubeti wa nne. Kwa beti tatu nafsineni alikuwa akijisemea. Sasa anamgeukia mtu: "Mwaniambia niombe". Nafsinenewa ni wengi na hawakutajwa majina. Ni wale wanaomshauri aombe mvua. Msomaji aliyekwisha kuandika pambizoni mwa karatasi yake kwamba 'tatizo ni ukame' hana budi kujikuta miongoni mwao.

Jibu la nafsineni ni fupi. Mvua ilinyesha kila pembe, ikapita mitaroni. Maji yalikuja, yakamwona, yakaenda zake. Kisha yanafuata matendo mawili yanayopingana: kuambiwa 'kuomba' na kuamua 'kudai'. Anayeomba hutarajia hisani. Anayedai anajua kwamba kuna deni. Mchambuzi atakayeruka tofauti ya vitenzi hivi viwili atakuwa ameliruka shairi zima.

Je, nafsineni ana msingi wa kudai? Nchini Kenya anao. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43(1)(d), inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiwango cha kutosha. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuyatambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Neno 'nadai' lingetumiwa mwaka 1980, msomaji angeweza kuliona kuwa ni manung'uniko. Leo ni kauli yenye mguu wa kisheria. Ni kweli kwamba Ibara ya 21 inaitambua haki hiyo kuwa ya kutimizwa hatua kwa hatua, wala haisemi kwamba bomba litatiririka kesho asubuhi. Hata hivyo, hatua kwa hatua si sawa na kusimama pale pale, na nafsineni wa shairi hili alianza akiwa wa ishirini, akamaliza akiwa wa ishirini.

Ikumbukwe kuwa hoja hii haikanushi ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika, na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wakashuhudia mifugo yao ikifa. Mshairi wa Turkana, Marsabit au Wajir anayeitazama mbingu ana haki yake kamili ya kuitazama. Kosa ni kuyasoma mashairi yote ya maji kana kwamba yanatoka mahali pamoja. Shairi lenye ng'ombe waliokonda na kisima kilichokauka si sawa na shairi lenye kibanda, ubao wa bei na bomba linalopita. La pili ni shairi la mji. Mji wa Nairobi hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika eneo la Murang'a. Maji hayo husafiri mbali hadi kuufikia mji. Ajabu ni kwamba yakishafika hushindwa kuzivuka hatua chache za mwisho hadi mlangoni pa maskini.

Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006, iliyohusu maji, ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda katika miji kama Nairobi, Jakarta na Manila hulipia kila lita ya maji mara tano hadi kumi zaidi ya wakazi wa mitaa ya kitajiri katika miji hiyo hiyo. Asiye na kitu ndiye anayelipa zaidi. Mwanauchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, alikuwa tayari ametofautisha baina ya chakula kutokuwapo na mtu kutokuwa na uwezo wa kukipata. Tofauti hiyo hiyo ndiyo iliyobebwa na kibwagizo: bomba lipo, lapita, kiu nayo ipo, imekaa.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba usomaji wa namna hii unaigeuza fasihi kuwa tawi la uchumi au la siasa. Pingamizi hilo lina uzito, kwani kweli wapo wachambuzi wanaolitumia shairi kama kigingi cha kutundikia hotuba zao. Kinga ni moja: kila hoja ianzie katika neno lililomo shairini. Katiba imetajwa hapa kwa sababu ya kitenzi 'nadai'. Bei imetajwa kwa sababu ya 'kibaoni'. Mji umetajwa kwa sababu ya 'kibanda' na 'bomba'. Hoja isiyo na neno la kuishikia itolewe nje, hata ikiwa ni ya kweli.

Pingamizi la pili linalihusu shairi lenyewe, na halina budi kukubaliwa kwa kiasi fulani. Ubeti wa tano una udhaifu. Baada ya beti nne za kuangalia mambo kwa karibu, mshororo wa pili unaleta matajiri na maua yao, taswira iliyozoeleka ambayo msomaji anaweza kuikubali bila kufikiri. Matajiri hao hawana sura, na swali la wenye funguo linaanza kujibiwa kirahisi kabla halijamkaa msomaji moyoni. Linganisha na muuzaji wa ubeti wa kwanza. Huyo hakufanywa mwovu. Yeye 'akumbusha' tu bei ambayo kila mtu anaijua, na yamkini naye ameyanunua maji hayo kwa mtu mwingine. Picha ya muuzaji ina ukweli zaidi kuliko picha ya maua. Mchambuzi asiogope kulisema hilo. Kulihurumia jambo linalosemwa na shairi hakumlazimu mtu kuusifu kila mshororo.

Darasa na foleni

Kwa nini mjadala huu uwahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili? Kwa sababu ndio wanaofundisha, au watakaofundisha, namna ya kusoma. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, mtahiniwa huulizwa kuhusu bahari, uhuru wa mshairi, toni na nafsineni, na huombwa kuuandika ubeti kwa lugha nathari. Maswali hayo si mabaya. Ni vyombo vizuri vya kufanyia kazi. Ubaya huja pale chombo kinapochukuliwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwa kutaja ukara na kibwagizo, na asitambue kwamba kituo ni ukuta.

Hebu na tumfikirie mtahiniwa aliyeamka kabla ya jogoo, akapanga mtungi foleni, kisha akaja darasani akakuta shairi kuhusu foleni hiyo. Yeye anajua jambo ambalo mwalimu wake huenda halijui: kwamba 'ishirini' ni nafasi kwenye foleni na pia ni lita za mtungi. Darasa likimwambia aeleze dhamira kwa neno moja, limemfundisha kwamba anayoyajua hayana nafasi katika fasihi. Likimwuliza, 'Ni neno lipi hapa linalokwambia kwamba mtu huyu amewahi kusimama foleni?', limemfanya mchambuzi. Gharama ya swali hilo si kubwa, wala halihitaji mtalaa mpya.

Wanafunzi wa vyuo nao wasijione wako mbali. Anayepandisha ndoo ngazini hadi orofa ya tatu ya hosteli kwa sababu mifereji imekauka, kisha akaandika tasnifu kuhusu taswira za maji bila kuukumbuka mkono wake ulivyouma, ameacha nje ya kazi yake ushahidi wa kwanza aliokuwa nao.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hiyo hutumiwa kuonyesha kwamba kilicho kidogo kwa mmoja ni kikubwa kwa mwingine. Shairi la mishororo ishirini kuhusu mtungi mmoja nalo ni kifuu. Aliyeshiba hukipita, akiandika pambizoni 'uhaba wa maji na umaskini'. Anayeinama atayaona yaliyomo: mzazi mwenye sarafu zisizotosha, mwana aliyelala na vumbi mwilini, washauri wanaoelekeza vidole juu mbinguni, na bomba linalopita likiwa limejaa.

Kuhesabu mizani kuendelee, kwani asiyeijua mizani hawezi kukisikia kituo. Lakini hesabu ikishakamilika, swali la ubeti wa tano linabaki mezani: wenye funguo ni nani? Mshairi hakulijibu vya kutosha. Darasa lisilithubutu kabisa litakuwa limejiunga na wale wanaomwambia mwenye kiu aombe mvua.